Voahirana na somo la 'umemuuliza nani?'

Saa moja asubuhi, baridi ya mji wa milimani wa Fianarantsoa bado imeganda madirishani. Voahirana Rasoamanana anamalizia kitumbua chake huku akisoma mpango ulioandikwa ubaoni: kuchimba kisima kijijini Ambohitsara, Jumanne.

Kazi yake ni kufundisha vijana wa chuo namna ya kuelewana na watu wa mila nyingine. Wauguzi, wahasibu na wahandisi watarajiwa wanabanana benchi moja. Wahandisi huliita "somo la salamu". Mwaka jana wahandisi walikipanga kisima hicho hicho peke yao, kikakwama kwa kuwa wanakijiji hawakutokea. Safari hii kimepewa darasa lake, na mkuu wa uhandisi amekwisha kusema kwamba kikikwama tena, somo lifutwe. Voahirana anaogopa, wala hafichi.

"Nani kapanga siku?"

"Mimi, Mwalimu," anajibu Tombo, mwanafunzi wa uhandisi kutoka pwani ya Mananara. "Nimeikwepa Alhamisi. Alhamisi ardhi haichimbwi, mwiko."

"Mwiko wa nani?"

"Si wa... watu wote?"

Lalao wa uuguzi anaangua kicheko. "Kaka, umebeba mwiko wa kwa mama yako mpaka huku milimani!"

"Nimewaheshimu, jamani!"

"Umemuuliza nani?" anasema Voahirana.

Yeye jibu analo, amezaliwa huku huku. Halitoi. "Nikimtajia siku, atajua siku moja tu. Akienda kijiji kingine ataboronga vilevile," anaeleza baadaye. Anamsogezea Tombo simu.

Mkuu wa kijiji, Mzee Rainivao, anapokea, na sauti yake inasikika darasa zima.

"Mzee, naomba radhi, mtoto kusema mbele yako," Tombo anaanza. "Kwenu jembe haligusi udongo siku gani?"

"Jumanne, mwanangu. Njooni Jumatano, majembe tutaleta sisi."

"Sasa mwaka jana mbona hamkutokea?"

"Wenzenu walipanga Jumanne. Tungewakatalia wageni? Tukaitikia, tukabaki majumbani."

Mwaka mzima chuoni ilisemwa kwamba watu wa Ambohitsara ni wavivu.

"Nimekasirika," Voahirana anasema, akifuta Jumanne ubaoni. "Tumewatukana watu kwa kosa letu wenyewe."

Jumatano atakwenda nao kisimani. Na muhula ujao, somo likibaki, anataka mwanafunzi mmoja zaidi: mkuu wa uhandisi.

"Nafasi ipo," anasema. "Benchi la mbele, pembeni ya Tombo."