Dobi wa Maji

Nilipomweleza mama kwamba mimi na wenzangu wa kazini tutasafisha kisima chake kwa kumwaga sabuni ardhini, aliacha kumenya ndizi akanitazama.

"Kwani mimi nilisomesha injinia ama dobi?"

Majirani waliokuwa uani walicheka mpaka nikaona haya. Kufika jioni, nusu ya mji wetu wa Mitunguu iliniita Dobi.

Kisima kile kilikuwa fahari ya mama. Alikichimbisha kabla sijaanza shule, na hakuwahi kumnyima mtu maji. Halafu tangi la dizeli la kinu cha kusaga unga, lililozikwa upande wa juu wa kisima, likavuja polepole bila mtu kujua. Chai ya mama ikaanza kunuka. Wageni wakawa wanaaga kabla ya kikombe cha pili, na mwishowe hakuna aliyekuja na mtungi. Mama alikifunika kisima kwa mabati, akaacha hata kukitaja. Hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Sikubishana naye. Nilichukua sufuria aliyokaangia nyama, mafuta yakiwa yameganda, nikaimwagia maji baridi. Mafuta hayakubanduka. Nikatia sabuni, yakaachia.

"Dizeli imeng'ang'ania mchanga hivyo hivyo huko chini," nikamwambia. "Dawa yetu inaibandua, pampu inaivuta nje."

"Na hiyo sabuni nayo, nani ataitoa?"

Wengi niliosoma nao hawakuwahi kuuliza hivyo. "Tutasuuza," nikasema, "mpaka vipimo vikubali."

Tulitoboa mashimo membamba, tukaingiza dawa upande wa kinu na kuvuta maji upande wa kisima. Povu la rangi ya chai likajaa kwenye matangi yetu. Tukasuuza wiki baada ya wiki. Mara mbili maabara ilikataa, na mara mbili nilianza upya, nimejikasirikia. Mara ya tatu ikakubali. Tukangoja mvua zipite, tukapima tena, ikakubali tena.

Mama alichemsha chai. Akanusa, akanywa, kisha akajimiminia kikombe cha pili. Mimi, injinia mzima, nililia.

Jumapili baada ya kanisa, jirani mmoja akamuuliza kwa kejeli kama kweli anakunywa maji ya sabuni. Mama alinishika mkono, akajinyoosha.

"Maji yangu yameoshwa na mtoto wangu," akasema. "Yako nani alikuoshea?"