Wifi Yangu na Viti Vilivyokuja Mara Tatu

Mama yetu, aliyenizaa mimi na mume wa wifi yangu, huwaeleza majirani kazi ya mkwe wake kwa maneno matatu: "Anaifundisha kompyuta adabu." Hayuko mbali na ukweli. Kampuni ya kina wifi hukodisha mahema na viti vya sherehe, na siku hizi wateja hupokelewa na wakala wa akili bandia. Wakala huyo ana zana zake, vipande vidogo vya programu: kimoja cha kutazama viti vilivyobaki ghalani, kimoja cha kuweka oda, kimoja cha kuorodhesha oda zilizokwisha kuingia. Wifi ndiye anayeandika maelezo ya kila zana, ili wakala ajue aishike ipi na wakati gani. Zamani alikuwa anapokea simu, akitukanwa kutwa nzima na watu waliocheleweshewa mahema. Hii kazi mpya aliipenda mpaka akaanza kuimba bafuni, na sauti yenyewe, Mungu anisamehe, si ya kuimbia.

Balaa lilianzia kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto mmoja. Mzazi aliomba viti arobaini. Lori likashusha arobaini, likarudi na arobaini vingine, halafu likarudi tena. Majirani wa pale wakaanza kuulizana ni mwanasiasa gani anakuja kuhutubia.

Mwenye kampuni tunamwita Mama Mahema, na ni mwepesi wa kucheka, ila siku hiyo hakucheka.

"Jumamosi kitinda mimba wangu anaolewa," alimwambia wifi. "Oda nitampa huyohuyo wakala wako. Kama ni aibu, bora inikute mimi kuliko mteja mwingine. Akikosea tena namzima, na wewe unarudi kwenye simu."

Wifi alifika nyumbani uso umemshuka. Alinisomea alichokuwa ameandika: "Zana hii huweka oda ya viti." Basi, hayo tu.

"Sasa kosa liko wapi hapo, wifi?" aliniuliza.

"Mimi nashona mapazia," nikamjibu. "Usinitie majaribuni."

Tukaketi kula. Maharage yalikuwa yanagonga meno, nami nikauliza kwa hasira ni nani aliyeyaepua kabla hayajaiva.

"Mimi," alisema Mama bila wasiwasi. "Mkwe aliniambia nikisikia harufu ya maharage nizime jiko. Nikasikia harufu, nikazima."

Mama yetu ndivyo alivyo. Umwambie neno, atalitimiza lilivyo, hapunguzi wala haongezi, na ukilalamika anakurudishia maneno yako mwenyewe. Nilikuwa nishafungua mdomo nilalamike nilipomwona wifi ameacha kijiko hewani, anamtazama Mama kwa mapenzi ambayo kaka yangu hajawahi kuyapata.

"Mama," alisema, "njoo uwe wakala wangu."

Akamkalisha mbele yake, akamsomea maelezo ya zana ya oda, kisha akasema, "Mimi ndiyo hiyo zana. Mteja anataka viti sita. Niite."

"Naomba viti sita," alisema Mama.

Wifi akakaa kimya, kwa sababu zana yenyewe, ikishapokea oda, haijibu kitu. Mama akasubiri kidogo.

"Nimesema naomba viti sita."

Kimya.

"Jamani, mbona hamnisikii? Viti sita!"

Wifi akapiga kofi mezani, akacheka hadi machozi. "Kumi na nane, Mama. Umeshaagiza kumi na nane." Mimi nilikuwa nimeshika mbavu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu mshindo ulikuwa wa viti.

Fundi wa programu aliombwa aifanye zana ijibu "nimepokea." Akasema atafanya, ila foleni yake ni ndefu na Jumamosi haimo. Kwa hiyo yalibaki maneno ya wifi peke yake. Akaandika upya: zana hii hupokea oda bila kujibu, kimya chake si kukataa, iite mara moja tu, na ukiwa na shaka, tazama orodha ya oda kabla ya kuita tena. Kila sentensi aliijaribu kwa Mama, na Mama alipokosea, wifi hakumsahihisha yeye, alisahihisha sentensi.

Jumamosi lori likaleta viti vya harusi, vikapangwa. Wifi akamkalisha Mama karibu na mlango, akamwambia, "Kaa hapa usiondoke mpaka nije," kisha akaenda kusimama getini, roho mkononi. Kila lori lililokata kona lilimkausha mate. Moja lilipunguza mwendo kabisa, nikamwona akifumba macho. Lilikuwa limebeba magodoro, likapita zake.

Kumbe shida ilikuwa upande mwingine. Wageni wasioalikwa walifurika, viti vikaisha, na mama wa bibi harusi mwenyewe akabaki wima ukutani, sahani mkononi.

"Siku ninayotaka wakala wako akosee," alisema Mama Mahema, "ndiyo siku anayopatia." Akacheka kile kicheko chake. "Binti, simu atapokea mwingine. Wewe endelea kuandika."

Wifi akanikumbatia, tukalia kidogo, tukacheza sana. Ukumbi ulipotulia, vijana wakaanza kukusanya viti. Kiti kimoja kilikuwa kimebaki peke yake karibu na mlango, na juu yake alikuwa Mama, mkoba mapajani, kitambaa cha kichwa kimepinda.

"Mama! Hukwenda hata kula?"

"Uliniambia nisiondoke mpaka uje," alisema Mama. "Hukuniambia nikisikia njaa nifanye nini."

Wifi akapiga magoti, akamshika mikono, akamwomba radhi huku akicheka. Kisha akamletea sahani iliyojaa, akakaa sakafuni miguuni pake mpaka akamaliza, na vijana wa lori wakasubiri kile kiti.