Jina la Kuandika Tu

Juzi mjukuu wangu aliniletea zoezi lake la Kiingereza: aweke herufi kubwa panapostahili na nukta mwishoni. Nikavaa miwani kwa mbwembwe zote za bibi msomi. Kisha, rafiki yangu, nikakwama pale pale nilipokwama utotoni, kwenye jina la mtu.

Shule yetu ilikuwa katika kijiji kipya cha ujamaa, juu kidogo ya Kiswere, katikati ya mikorosho. Alfajiri tuliokota korosho za shamba la kijiji hadi vidole vikanata kwa maji ya mabibo, ndipo tukaingia darasani, na chaki zote zikanuka mabibo. Mwalimu, kijana aliyetoka bara kwenye migomba, alitufundisha kwa kuimba: sentensi huanza na herufi kubwa, huisha na nukta, na jina la mtu ni herufi kubwa popote lilipo.

Mimi nilichanganyikiwa tangu mwanzo. Jumatatu, ambayo haijamfanyia mtu jema lolote, ilipewa herufi kubwa. Bibi yangu, aliyeogopwa na ukoo mzima, kumbe alikuwa wa herufi ndogo, eti kwa kuwa bibi si jina! Niliona ni utovu wa adabu. Nikawa namwandika kwa herufi kubwa, mwalimu anakata kwa wino mwekundu, nami narudia tena.

Likizo ya baada ya mavuno nilichezwa unyago. Ya humo hayasemwi. Itoshe kwamba niliingia na jina moja nikatoka na jingine, kama ilivyokuwa desturi yetu Wamwera. Jina la utotoni huachwa huko huko porini. Kumwita mwali kwa jina hilo ni kumtukana, na akiitika amejitukana mwenyewe.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu akaita jina langu la zamani. Sikuitika. Akarudia, ananitazama usoni. Wenzangu wakainamisha vichwa, hata wale watundu. Akaniamuru niende ubaoni niandike kwa Kiingereza naitwa nani. Nikaandika jina jipya, herufi kubwa ya kupendeza, na nukta yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Majina ya mtihani wa darasa la nne yamekwisha kwenda wilayani. Huyu hayumo. Ukiandika hivi, darasa la tano utalisikia tu."

Nililitaka darasa la tano kuliko chakula. Nikarudi nyumbani nalia, sijui mimi ni yupi. Kesho yake bibi akajifunga kanga, akaenda shuleni, mimi nyuma yake.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyo unayemwita kila siku, mbona hayupo? Tulimwacha porini. Aliyerudi ni huyu."

"Bibi, serikali inamjua yule."

Bibi akachezea ncha ya kanga. Kisha akanigeukia. "Liandike, mwanangu. Ila usiliitikie."

Mwalimu, Mungu amlipe, hakuniita kwa jina tena. Alininyooshea kidole tu. Mtihani ulipofika nikaandika jina la yule aliyeachwa porini, kwa herufi kubwa. Nikafaulu. Nyumbani tulikula wali wa nazi siku hiyo, na bado sikujua ni nani kati yetu wawili aliyefaulu.

Asubuhi ya kwanza ya darasa la tano, katika shule ya bweni, Lindi, mwalimu nisiyemjua aliita lile jina. Nilimtafuta bibi kwa macho kana kwamba angeweza kuwa pale. Wengine walikuwa wakiitwa na kupewa vitanda. Nikaitika.

Tangu hapo nimeitika shuleni, kazini, hata mbele ya kadhi. Jina langu lenyewe lilibaki vinywani mwa bibi, mama na wasichana niliochezwa nao. Bibi alitangulia mbele ya haki, mama akamfuata, na wa mwisho wa wale wasichana tulimzika Mingoyo baada ya masika yaliyopita. Unyago wenyewe siku hizi ni ngoma ya siku moja na spika kubwa. Nikienda kijijini watu hunipokea kwa furaha, wananiita kwa jina la utotoni, kwa mapenzi kabisa, wala hakuna anayejua kwamba ananitukana. Nami naitika.