Breki Iliyogoma Asubuhi Tu

Mpaka leo nikikumbuka habari ya ule ubao damu inanichemka. Watu wazima, wenye akili zao, walikaribia kumuua mtu kwa wema, na walipoambiwa wakanuna.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Alishonea kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, upande wa Kariakoo unaoteremka kuelekea Jangwani, na cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Alitembelea ubao wa chini wenye magurudumu ya beringi, akijisukuma kwa viganja alivyovivalisha vipande vya ndala. Akikuta mchanga au mtaro, ilibidi asukumwe. Na pale mtaani watu hawaulizi. Mtu anapita na hamsini zake, anakuona uko chini, anakushika mgongoni na kukupeleka anakodhani unaenda. Fundi alishavushwa barabara ambazo hakutaka kuvuka, akaachwa upande wa pili, na aliyemvusha akaondoka amefurahi.

Mimi shule niliiacha mapema. Nililala Buguruni wiki hii, Magomeni wiki ijayo, na sikuweza kupita karibu na kitu chenye skrubu bila kutaka kukifungua. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Makontena yalikuwa yanatumwagia vitu vilivyowachosha wenyewe huko vilikotoka: redio, pasi, vitoroli, vipuri vya magari ambayo hatukuwahi kuyaona barabarani. Kwenye vyuma chakavu vya Gerezani nilipata mota ya waipa ya lori, nzima kabisa. Nikamwendea fundi barazani.

"Shikamoo, fundi. Nataka kukuundia ubao wa umeme."

"Marahaba. Utasimama?"

Hakuuliza kama utaenda. Aliuliza kama utasimama.

Nikauunda. Betri ya gari chini ya kiti, mnyororo na friwili ya baiskeli, magurudumu ya mpira mgumu kutoka kwenye kitoroli cha hospitali. Mbio haukuwa nazo, ulikwenda mwendo wa mtu mwenye haraka. Ila kwa sababu ya friwili, ukizima mota kwenye mteremko ubao unaendelea kuteleza wenyewe, kwa hiyo kazi yote ya kusimama ilikuwa ya breki. Breki niliitengeneza kwa mkono wa baiskeli, waya, na kipande cha tairi kinachokandamiza gurudumu la nyuma. Niliijaribu mimi mwenyewe mpaka nikachoka. Ilishika.

Wiki ya pili fundi aliingia chini ya meza ya muuza machungwa.

"Nimevuta breki," aliniambia, huku anapangusa juisi shingoni. "Nimevuta mpaka mwisho. Gurudumu halina habari."

Nikauchukua ubao mchana ule ule, nikapanda, nikateremka nao. Breki ikashika barabara. Nikakaza waya hata hivyo. Siku chache baadaye fundi akapita mbele ya lori lililokuwa linarudi nyuma kushusha magunia, na utingo ndiye aliyeupiga teke ubao ukageuka pembeni. Mchana nikaujaribu tena. Ukashika tena. Nikabadilisha waya, nikabadilisha springi, nikageuza kile kipande cha tairi. Kila nikijaribu mimi, mzima. Kila akiutumia yeye asubuhi, mgonjwa.

Maneno yakaanza. Barazani walisema fundi hajui kuendesha. Wengine walisema mlemavu anatafutiwa makubwa, ubao wa beringi una kasoro gani. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa na duka Magomeni, alikuja amevaa kanzu yake safi, akasimama juu ya cherehani.

"Jumamosi nakuja na pikapu. Hili dude nalichoma, na wewe unarudi nyumbani. Utakaa kivulini, utaletewa chakula. Unakosa nini?"

"Na kazi yangu?"

"Kazi gani? Unataka nije nikuokote barabarani?"

Fundi aliendelea kuzungusha cherehani, ila niliona mshono umekwenda upande. Kivuli chenyewe nilikuwa nakijua. Kilikuwa chumba cha uani ambako alikaa ujana wake wote akihesabu mabati.

Nikaenda Gerezani kumgombeza aliyeniuzia tairi. Nilikuwa na uhakika ni feki. Siku zile kila kitu kilikuwa feki, na muuzaji alikuwa anakuapia machoni.

"Mpira wako unateleza," nikamwambia.

"Mpira wa tairi unateleza? Basi magari yote ya Bongo yangekuwa baharini saa hizi."

"Asubuhi unateleza, mchana unashika."

"Mwanangu, hapo huna tatizo la mpira. Una tatizo la asubuhi."

Wenzake wakacheka, nami nikaondoka nimekasirika. Lakini njiani lile neno likanikaa. Asubuhi kulikuwa na nini? Mvua haikuwa imenyesha. Umande wa Kariakoo hauwezi kumtelezesha hata konokono. Nilichokuwa najua ni kwamba kila alfajiri fundi alitoka chumbani kwake akapanda kwenda msikitini, akauacha ubao nje kwenye ngazi pamoja na viatu vya watu, na baada ya swala akateremka nao hadi barazani. Kupanda hakuhitaji breki, isipokuwa pale anaposimama mlangoni. Kuteremka ndiko kulikomwangusha.

Ijumaa alfajiri nikaenda. Sikuingia, nikakaa ng'ambo karibu na muuza kahawa. Fundi akafika, akavuta breki, gurudumu likalia kelele ndefu, ubao ukasimama pale pale alipotaka. Akajiburuta ndani. Mbele ya msikiti wasukuma mikokoteni walikuwa wanapaka ekseli zao oili chafu, kama wafanyavyo kila siku kabla ya kubeba mzigo. Mmoja wao akauangalia ubao. Akaja na kopo lake, akachuchumaa, akayapaka oili magurudumu moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Kwenye lile la breki akaongeza.

Nilivuka barabara bila kuangalia.

"Unafanya nini wewe?"

"Namsaidia mzee. Gurudumu linapiga kelele kila siku, humwonei huruma?"

"Linapiga kelele kwa sababu linashikwa na breki! Unaipaka oili breki!"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Ungemuuliza."

Akaniangalia kama nimesema jambo la ajabu. "Nimuulize nini? Msaada unaombewa ruhusa?"

Wenzake wakamuunga mkono. Mmoja akasema watu wa siku hizi hawana shukrani. Mwingine akaniuliza kama nimewahi kusukuma hata tenga la nyanya. Kumbe walikuwa wanaupaka ubao wiki zote zile. Mpaka mchana vumbi lilikuwa limeshainywa ile oili, ndipo mimi nilipokuja kujaribu breki na kuikuta nzima.

Fundi alitoka akatukuta tunafokeana. Nikamweleza. Hakupandisha sauti. Aliomba mchanga na kitambaa, akasugua gurudumu mwenyewe mpaka likawa kavu, wote tukimtazama.

"Ubao huu ni miguu yangu," akamwambia yule mwenye kopo. "Wewe mtu akija kukupaka oili miguuni umelala, utamshukuru?"

Jamaa akanuna. Hakuomba radhi, ila hakuugusa tena.

Jumamosi kaka alifika na pikapu na vijana wawili wa kubeba. Fundi alimwambia asimame pale chini, kwenye kona malori yanaposhushia magunia, halafu akapanda juu na kuteremka. Alisimama mbele ya ndala za kaka yake. Akarudi juu, akateremka tena na kusimama tena.

Nilitegemea kaka angefurahi. Akageuka kuwaangalia watu wa barazani, akashusha sauti. "Sawa, inashika. Lakini watu Magomeni watasema nimekutelekeza."

Basi kumbe. Wiki zote zile nilizokuwa nahangaika na waya na springi, yeye alikuwa anahangaikia hilo.

"Waambie ulinifuata nikakataa," fundi akasema. "Waambie kwa sauti, wasikie vizuri."

Akazungusha ubao, akapanda barazani, na kumuuliza mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake aikate wapi.