Mama Mudogo Alipomtafuna Shujaa Wangu

Enzi zetu sisi watoto wa mtaa wa Alunguli, sinema haikuhitaji umeme. Ilihitaji udongo, kope za macho, na mtu mmoja mwenye kipaji. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nasema bila aibu, kwa sababu wenzangu wa rika langu wanalijua jambo hili, na anayebisha aje hapa Kindu aniulize mbele ya watu.

Vijana wakinikuta leo nimeinama juu ya meza, nasogeza mkono wa sanamu ya udongo kiasi cha unene wa ukucha, napiga picha, nasogeza tena, napiga tena, wanadhani nilifundishwa kazi hii na wazungu. Wazungu gani? Mimi niliyeacha masomo mwaka wa nne wa primeri! Filamu zangu zimeonyeshwa Goma, Bukavu, mpaka Kinshasa, watu wenye diplome wamesimama kunipigia makofi, na yote hayo yalianzia nyuma ya jiko la mama yangu, wakati wa vita.

Mnaukumbuka wakati ule. Treni iliacha kuja, reli ikaota majani, mbuzi wakaona wametengenezewa shamba. Sabuni tulipika wenyewe kwa mawese na majivu. Redio zilinyamaza kwa kukosa betri, tukabaki na habari za mdomo, ambazo zilikuwa tamu zaidi maana kila mtu aliongeza zake. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwepo, muchele ulikuwepo, hata samaki wa Lualaba, siku ambazo wavuvi walithubutu kuteremka mtoni. Kilichokosekana ni chumvi. Ee ndugu zangu, chumvi! Sombe bila chumvi unaitafuna kama mbuzi, isipokuwa mbuzi yeye anafurahi. Mama alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu yake, akapata maji machungu ambayo tuliyaita chumvi kwa kumheshimu tu. Ukikunja uso, alisema, «Meza, usiulize ulimi.»

Basi mimi nilikuwa na mchezo wangu, fumba-fumbua. Watoto walikaa chini mbele ya ubao wa kufulia nguo, na juu ya ubao nilimsimamisha mtu wa udongo. Rafiki yangu Amisi, mwenye sauti ya tarumbeta, alipaza: «Fumba!» Wote wanafumba macho. Mimi nasogeza mguu wa yule mtu. «Fumbua!» Wanafumbua, mtu amepiga hatua. Fumba! Fumbua! Amepiga nyingine. Amisi akiharakisha, haki ya Mungu ulimwona anatembea, anainama, anaokota mkuki wake. Aliyechungulia tulimwita mwizi wa macho na tulimpeleka kukaa nyuma, karibu na shimo la takataka. Lakini wachache walichungulia. Utamu wenyewe ulikuwa katika kufumba.

Kiingilio kilikuwa chumvi, ile inayobanwa kati ya vidole viwili. Waliokuwa nayo ni watoto ambao baba zao walisukuma baiskeli porini kwenda kutafuta bidhaa mbali.

Shujaa wangu aliitwa Kapita. Nilimfinyanga kwa pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba wanapenda kutafuna, kwa sababu weupe wake ulionekana vizuri hata kwa mtoto aliyekaa nyuma. Pemba ilipatikana kijitoni, ng'ambo ya barabara iliyoshikwa na askari. Wanawake waliogopa kwenda kule. Sisi tulipita vichakani kama panya. Kisha nilimkausha Kapita juu ya utara, kile kichanja cha jikoni juu ya moto, akanywa moshi siku kadhaa mpaka akawa mgumu na mwenye harufu nzuri. Nilikuwa fundi, lakini sikufikiri kwamba pemba ya kuuzwa sokoni nayo inakaushwa hivyo hivyo.

Ikafika siku ambayo mama alipata samaki mmoja mkubwa, mkia umetoka nje ya beseni. Na siku hiyohiyo watoto wa jirani yetu, ambaye alikuwa amerudi jana yake na mfuko wa chumvi, walisema watakuja kwenye sinema. Mama akaniita.

«Ramazani, samaki kama huyu sitamupika na majivu. Leta chumvi. Ukikosa, hiyo michezo ya matope njo mwisho wake, kesho unashika jembe unanifuata shambani.»

«Mama, chumvi iko tayari,» nikajibu, kifua mbele.

Watoto walijaa mpaka kwenye migomba. Nikaingia jikoni kumchukua Kapita. Utara mtupu. Na chini yake, kando ya moto, juu ya kigoda, alikaa mama mudogo Feza, mdogo wake mama, mwenye mimba kubwa ya kwanza. Midomo yake ilikuwa myeupe. Mkononi alishika Kapita, hana kichwa.

«Mama mudogo! Unakula nini?»

«Pemba, mutoto wangu. Miezi yote naiota tu usingizini, leo nimeinua macho, iko pale! Aliyeiweka Mungu amubariki.»

«Hiyo haiko pemba! Hiyo ni mutu!»

Akaigeuza, akaiangalia vizuri. «Aah. Njo maana nilisikia kitu kama pua.»

«Kichwa kiko wapi?»

«Kichwa njo nilianza nacho. Kilikuwa kimekauka vizuri sana.» Na huku ananiambia hivyo, akang'ata bega.

Nililia machozi ya kweli, mimi mwanaume. Nilijaribu kumnyang'anya, akamficha Kapita nyuma ya mgongo. «Rama, ungekuwa na mimba ungenielewa.» Nje walianza kuzomea. Mmoja alipaza sauti: «Turudishie chumvi yetu!» Amisi akachungulia mlangoni, macho yamemtoka. «Kaka, wanasimama! Niwaambie nini?»

Hapo ndipo mtu anazaliwa fundi au anazaliwa mtazamaji. Nilimshika mama mudogo mkono, nikamtoa nje na kigoda chake, nikamkalisha nyuma ya ubao. Nikamsimamisha Kapita asiye na kichwa juu ya ubao. Watoto wakaguna. Nikamnong'oneza mama mudogo: «Wakifumba, ng'ata. Wakifumbua, murudishe pale pale.» Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aende harusini.

«Fumba!» Amisi akapaza.

Kra, kra, kra.

«Fumbua!»

Mkono wa kushoto hakuna. «Fumba!» Kra, kra. «Fumbua!» Bega lililobaki limekwenda. Mtoto mmoja akapiga kelele, «Jamani, anaisha!», na kicheko kikapasuka. Sasa walikuwa wanafumba kabla ya kuambiwa, kwa sababu ya ile sauti ya kutafuna gizani mwa macho yao. Hakuna mwizi wa macho hata mmoja siku hiyo. Wengine walishikana mikono. Akina mama wa jirani wakaja na mitwangio yao, wakafumba nao. Kiuno kikaenda, goti likaenda. Mwisho wakafumbua, ubao mtupu, na mama mudogo amekaa nyuma yake anapangusa mdomo kwa kitenge.

«Ameenda wapi?» akauliza mdogo kuliko wote.

Mama mudogo akapapasa tumbo lake. «Ameingia kulala.»

Walicheka mpaka wengine wakaanguka. Wakatoa chumvi mara ya pili ili turudie kesho yake, na ilibidi niende tena kijitoni kuchimba Kapita mwingine. Jioni ile tulikula samaki mwenye chumvi, tukalamba vidole, tukalamba na sahani. Mama akasema, «Huyu mutoto hatakufa njaa, hata wakimulia kazi yake.» Jembe sikulishika.

Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo mashule yananilipa nikawafundishe: kati ya kufumba na kufumbua unaweza kubadilisha kitu chochote. Leo ninafinyanga vichwa vingi kwa mtu mmoja, cha kucheka, cha kulia, cha kupiga chafya, navibadilisha kimoja kimoja. Vijana wanakuja kwenye atelie, karakana yangu, na simu zao: «Vieux,» yaani mzee, «unajitesa bure, hii unabonyeza tu, iko tayari.» Tena wananiomba nifute alama za dole gumba langu kwenye udongo, eti zinaonekana. Wee! Zionekane! Nimelala njaa kwa ajili ya dole gumba hili.

Juzi niliwakalisha watoto wangu niwaonyeshe fumba-fumbua. Wa kwanza alichungulia. Wa pili akaweka simu mbele yake, akaniambia, «Papa, sisi tufumbe, hii itatuangalilia.» Nilicheka, maana ni werevu, wamefanana na baba yao. Lakini moyoni nilisikia baridi kidogo. Wao wana umeme, wana chumvi dukani, hawamwogopi mtu barabarani, na ninamshukuru Mungu kwa hayo yote. Sisi tulikuwa katika mji ambamo watu walipotea ukigeuka tu. Na bado tulikaa bega kwa bega uani kwa mama, tukafumba macho sote kwa pamoja, tukafumbua, tukajikuta wote tuko pale pale, tunacheka.