Mjomba Alikuwa Dakawa

Ulikuwa mwaka wa magimbi. Mahindi yalikuwa yameozea shambani kwa mvua, tukala magimbi asubuhi, magimbi jioni, mpaka watoto wakiona sufuria wanalia. Mume wangu alikuwa anamenya gimbi, kisu kikamdondoka. Nikamwambia okota. Akanitazama, mdomo umeenda upande, mate yanashuka kidevuni.

Shule sikukaa, lakini macho ninayo. Nikasema huyu ashuke mjini sasa hivi. Bodaboda ikaja. Shemeji yangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji, huyu ni mtu wa ukoo wetu. Mjomba hajafika."

Kwetu Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mke unapika, unazaa, unauguza. Mume akianguka, kauli ni ya mjomba wake. Na mjomba mwenyewe nilimwona akinyonya, ni mdogo kabisa kwa mume wangu, ila ukoo umempa kiti. Siku hiyo alikuwa Dakawa, anaamia ndege wasile mpunga wake. Bodaboda ikarudi tupu. Wakamkanda mume wangu kwa majani ya moto, wakamchanja chale, wakasema ni upepo mbaya. Mjomba akafika kesho yake jioni, akanywa chai kwanza, ndipo akasema, "Haya, mpelekeni."

Mume wangu alirudi na mkono uliokufa. Neno hana tena, ana sauti tu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ni daktari. Najivuna, sifichi. Kabeba kuni mlima huu huu, akasoma Kilakala, leo yuko Dar es Salaam anachunguza picha za ubongo wa watu waliopigwa na kiharusi. Mwaka jana alituchukua mimi na babu yake, akamlaza ndani ya mashine ya hizo picha, inagonga kama watu wanatwanga, halafu akanionyesha picha kwenye kompyuta. Nikaona kabichi iliyokatwa katikati, upande mmoja umeungua.

"Hapa pamekufa, Bibi," akasema. "Lakini hapa pembeni, saa za mwanzo pengine palikuwa bado pazima. Angewahi hospitali, labda pangeokoka."

"Saa za mwanzo mjomba alikuwa anafukuza ndege."

Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Juzi akaja tena, na gari na dereva. "Shikamoo, Bibi." Marahaba. Nyuma yake akashuka mjomba, shati limepigwa pasi. Mjukuu akaniambia wanataka kumpiga babu picha nyingine, waone ubongo wake umebadilika vipi, wawafundishie na wanafunzi.

"Umeniuliza mimi?"

"Mjomba ameshakubali, Bibi. Nilianza kwake, nisivunje adabu."

Nikahisi uchungu mpaka kwenye meno. Kusoma kote kule, na yeye kapita mlangoni kwangu kwenda kumtafuta mjomba. Shemeji simshangai, kazaliwa kwenye mila hiyo na hajatoka humo. Huyu nimemlea mimi.

"Babu yako alitoka mle mashineni kashika kanga yangu kwa woga," nikamwambia. "Tumefika Msamvu, kashika. Tumepanda mlima, kashika. Nani alimwona? Mjomba?"

"Ni kelele tu za mashine zile, Bibi, haziumi. Na wapo watakaopona kwa ajili ya hizi picha."

"Wapone, nawaombea. Mume wangu halali tena kwenye ile mashine."

Mjomba akakohoa. "Mama, ukoo umeshasema."

"Basi kalale wewe, watazame kama humo kichwani mna kitu."

Dereva akacheka nje, akajifanya anakohoa. Mjomba akavimba. Akaingia chumbani, akamshika mume wangu mkono ule mzima, amnyanyue. Mzee akakunja vidole kwenye ukingo wa kitanda, akatoa ile sauti yake. Nikaketi kitandani, nikaweka mguu wangu juu ya mguu wa mume wangu.

"Mwachie."

Mjomba akaniangalia, akamwangalia mjukuu. Mjukuu machozi yanamlenga, mtu mzima na miwani yake.

"Mwache, mjomba," akasema. Kisha akanigeukia. "Bibi, nikirudi bila yeye nitawaambia nini wenzangu?"

"Waambie ana mke, na mkewe amekataa. Mume wangu halali tena kwenye ile mashine."