Kujibu Bila Kurudi Mwanzo

Kiingereza cha kuandika nilikuwa nacho. Barua zote za duka la viungo nililofanyia kazi miaka sita, hapa Bagamoyo mjini, niliziandika mimi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaa huo huo, alikuwa akizisoma, anatikisa kichwa, anatia sahihi. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi nikiwa na miaka ishirini na saba, nilikwenda chuoni kichwa juu.

Siku ya kwanza kichwa kilishuka. Mkufunzi wetu, mtu wa bara, mpole, alizungumza Kiingereza saa nzima bila kutia Kiswahili hata chembe. Sekondari tulizoea mwalimu asome sentensi kwa Kiingereza, aitafune kwa Kiswahili, sisi tumeze. Huyu hakutafuna. Maneno ambayo kwenye karatasi ningeyatambua yote yalinipita kama basi lisilo na abiria wa kushusha.

Kila baada ya dakika chache alitugeukia na kuuliza kama tuko naye. Tuliitikia kwa pamoja kwamba tuko naye, kwa sauti nzuri, ndefu. Kwetu mwalimu akishajichosha kwa ajili yako, kumwambia hukuelewa ni kukosa adabu, sawa na kumwachia mwenyeji wako wali sahanini. Hata waliokuwa wakichora maua kwenye daftari waliitikia. Mimi niliitikia kuliko wote.

Ikaja semina. Kila mwanafunzi alipewa mada ya kuzungumza mbele ya darasa, na yangu ilikuwa utunzaji wa miguu ya wagonjwa wa kisukari. Nilifurahi, kwa kuwa nilishamwona mgonjwa wa namna hiyo tulipopelekwa wodini kwa mazoezi. Alikuwa dereva wa lori aliyeletwa kutoka Chalinze, kisigino kimeungua kwenye chuma cha moto chini ya miguu yake, naye kaendesha safari nzima bila kujua. Lakini dereva huyo sikumtia kwenye semina. Niliona si habari ya Kiingereza.

Niliandika kurasa nne, nikazihifadhi. Kuhifadhi ndiyo kazi niliyofundishwa vizuri kuliko zote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipohitimu msahafu, na shangazi zangu walilia kwa furaha. Madrasa yetu ilikuwa na desturi: ustadhi akikusimamisha katikati, huendelei ulipoishia. Unarudi mwanzo, unaanza upya, mpaka ulimi ushike njia. Ni desturi nzuri na imenifaa, ila ina mahali pake, na hilo mimi sikulifikiria.

Siku ya semina nilisimama, nikayatoa ya kichwani bila kukosea. Nilipofika ukurasa wa pili, mkufunzi aliinua mkono akaniuliza swali. Swali lenyewe sikulishika. Nilichojua ni kwamba nimesimamishwa. Nikamwitikia ndiyo, nikarudi mwanzo kabisa: habari za asubuhi, mkufunzi wetu mpendwa na wanafunzi wenzangu. Darasa likacheka kidogo. Akauliza tena, polepole. Nikaitikia ndiyo, nikarudi tena kwenye habari za asubuhi. Safari hii walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Nilikaa chini nikiwa nimewachukia wote, na kurasa mbili za mwisho hakuna aliyezisikia.

Mchana mkufunzi aliniita ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, na kwa mara ya kwanza akasema nami kwa Kiswahili.

"Ulichokariri ni sahihi, dada. Lakini mgonjwa akikuuliza jambo, utarudi kumwamkia?"

Akaniambia nina wiki tatu. Nitakuja pale ofisini bila karatasi, tuzungumze mada ile ile kwa Kiingereza, yeye anauliza, mimi najibu. Nikishindwa, hana alama ya semina ya kuniandikia, na bila alama hiyo siingii kwenye mtihani. Ningerudia mwaka mzima. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, na hasira hiyo, nikisema kweli, ilikuwa ya kuficha aibu.

Nyumbani kwetu ni Kaole, na nyumbani ni mimi na mama. Mama aliishia darasa la nne. Alasiri hukaa barazani kusuka ukili wa mikeka, miguu kaifunika kanga, na maneno hayamwishi. Ana sukari ya miaka mingi, na vidonge vyake huvimeza anapokumbuka au ninapomgombeza. Nilimsimulia yote nikitegemea kuonewa huruma. Alicheka kuliko darasa.

"Mara mbili umerudia kuwaamkia? Ungefika ya tatu wangekuletea chai."

Nilinuna, nikachukua simu. Mihadhara ya mkufunzi nilikuwa nairekodi, na kila jioni niliisikiliza nikijaribu kushika kila neno, nashindwa, naizima. Siku hiyo nilisahau kuvaa waya za masikioni, mama naye akasikia. Alisuka, akasikiliza, kisha akasema, "Huyu akiwa na la maana hunyamaza kwanza. Akishanyamaza, akisema tu, nyote mnaandika. Kalamu zenu zinasikika."

Nilirudisha nyuma, nikakuta ni kweli. Miezi mizima nilikuwa nahangaika na kila neno, na mtu asiyejua hata moja alikuwa ameshasikia wapi pa kutega sikio. Tangu hapo nikawa naacha mengine yapite, nangoja anyamaze, halafu nashika kinachofuata. Nilianza kupata sentensi moja kwa tano, baadaye tatu. Niliona wivu kidogo kwamba si mimi niliyegundua.

Kusikia kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kusema huku nakatizwa, na hapo mama alijitolea mwenyewe.

"Wewe sema hicho Kiingereza chako. Mimi nitakuwa nakukata. Nikikukata, nijibu, usirudi nyuma."

"Utanikataje na huelewi?"

"Kukata maneno ya mtu kunataka cheti?"

Tukaanza. Mimi nilisimama nikiutazama ukuta, kwa maana nikimtazama yeye nilicheka. Yeye alisuka, na popote alipojisikia alitupa swali kwa Kiswahili: kwa nini? Halafu? Nani kasema? Nililazimika kujibu kwa Kiingereza hapo hapo, kisha niendelee mbele. Siku za kwanza ulimi ulikimbilia habari za asubuhi wenyewe. Mama alikuwa akilijua neno la salamu hata kwa Kiingereza, na kila nikilitamka alinirushia kipande cha ukindu kinachobaki akikata.

Wiki ya pili kurasa nne zilianza kuniponyoka kichwani, nami sikuzifukuzia. Nilikuwa nasema vibaya, vifupi, lakini nasema. Hapo ndipo dereva wa Chalinze alipoingia, kwa sababu mama akiuliza kwa nini, jibu la karibu zaidi lilikuwa yeye. Nilieleza kwamba sukari ikikaa sana mwilini hupunguza hisia za miguu, mtu anaungua au anachomwa na mwiba asijue, kidonda kinakua chini kwa chini. Mahali hapo mama alikata sana. Kwa nini? Nikajibu. Kwa nini? Nikajibu kwa maneno mengine. Kuna siku aliuliza mara nne, nikachoka.

"Mama, hilo nimeshalijibu."

"Umemjibu nani?" alisema, akaendelea kusuka. Nikadhani ananitania, nikageukia ukuta wangu.

Wiki tatu zikaisha, nikaenda ofisini. Mkufunzi aliuliza, nikajibu. Akanikatiza, nikajibu, nikasonga mbele. Kisha akauliza swali refu, nami nikalipoteza lote. Ulimi ulishajiandaa kuitikia ndiyo. Kuuliza si ujinga, tunasema tangu utotoni, lakini sikumbuki kama kabla ya siku hiyo nimewahi kumwuliza mwalimu. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba sikuelewa, naomba arudie. Alirudia bila kukunja uso. Alitaka kujua yule dereva niliyemtaja angeokolewaje mapema. Nilisema kwamba angepaswa kukagua nyayo zake kila siku, na kama haoni vizuri, amwombe mtu wa nyumbani amtazamie. Mkufunzi akaandika alama mbele yangu. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha, na ruhusa ya kuingia kwenye mtihani nikaipata.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Mama aliposikia alipiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani kaolewa. Halafu akaweka ukili pembeni.

"Haya. Sasa nieleze kwa Kiswahili."

"Nikueleze nini?"

"Hayo ya miguu. Kila ukifika hapo unalitaja daibetisi, neno la kliniki, nalijua, ndilo wanaloniandikia. Nakuuliza kwa nini, nawe unauambia ukuta."

Akaiondoa kanga, akanyoosha mguu wa kushoto. Chini ya kidole gumba alikuwa amefunga kitambaa. Nilikifungua. Kidonda kilikuwa na upana wa kifuniko cha soda, kingo zake nyeupe, katikati kipande cha kifuu cha nazi hakijatoka bado.

"Hakiumi," alisema. "Ndiyo maana nilitaka kujua."

Nilimwuliza ni cha tangu lini. Akasema tangu wiki ile nilipochekwa, na kwamba hakutaka kunichanganya kabla sijamaliza yangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye mguu ule kila alasiri. Nililia, wala sikujificha. Kisha niliagiza bajaji ya kutupeleka hospitali, na tulipokuwa tukiingojea nilikaa sakafuni, mguu wake mapajani mwangu, nikamweleza yote tangu mwanzo kwa Kiswahili. Alinikatiza sana, na kila mara nilimjibu nikimtazama.